Dondoo Muhimu: Nasaba ya Mbegu ya Brokoli
Ijapokuwa brokoli, mwenyeji wa baridi ya Lushoto, haistawi kwa joto la Mwera yetu ya Pangani, hapana kizuizi cha kuziotesha mbegu zake chupani, kama zioteshwavyo choroko. Ila uliza kwanza aina, kwani glukorafanini, maada ya brokoli ambayo hugeuka sulforafani yenye manufaa chipukizi litafunwapo, hufuata nasaba ya mbegu kuliko udongo, na mbegu mbili zilizolingana kwa sura huweza kuhitilafiana mno kwa manufaa.

Kula machipukizi ya siku 3, ambayo wataalamu wa Johns Hopkins, Marekani, waliyakuta mwaka 1997 yana mara 10 hadi 100 ya glukorafanini kuliko ua lililokomaa.

Mbegu za kupandia zilizotiwa rangi zimepakwa dawa ya kuvu: hizo, hata moja, haziliwi.

Suuza mbegu zinazoota kwa maji safi mara tatu kila siku, maana unyevu pamoja na hari ya pwani ni karamu ya vijidudu. Mjamzito asile machipukizi mabichi kabisa. Apikaye, kwa kuwa moto mkali hukiua kimeng'enya cha mmea kinachofanya mgeuko huo wa sulforafani, na anyunyizie haradali mbichi iliyosagwa, iliyo nacho kimeng'enya hicho, baada ya kuepua.