MISONOBARI NA VIUMBE WA UDONGONI

Wasomaji wetu wakaao nchi za juu, kama Mufindi na Njombe, wameizoea misonobari, ambayo wengi huiita mipaini. Mti huu umekuwa mali. Mwenye eka mbili tatu za mipaini hujiona ameweka akiba ya kusomesha watoto na kujenga nyumba, wala hatusemi ya kwamba amekosea. Lakini mti huchukua kwa udongo na hurudisha kwa udongo, na yampasa mwenye shamba ajue hesabu hiyo kabla ya kupanda. Leo twapenda kueleza habari moja tu: jinsi miti ya namna hii inavyowabadili viumbe wadogo wakaao ardhini.

Kwanza tuwajue viumbe hao. Mkubwa wa kazi ni nyungunyungu. Yeye hula majani yaliyooza pamoja na udongo, huchimba vijia vipitishavyo hewa na maji ya mvua, na kinyesi chake ni mbolea. Bwana Charles Darwin, mtaalamu Mwingereza, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1881 ya kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza udongo upitao matumboni mwa nyungunyungu kila mwaka wazidi tani 10 kwa eka moja. Wenziwe ni jongoo na mchwa, ambao huyakatakata majani na vijiti. Tena wako wadogo mno, kama utitiri, na vidudu virukavyo mfano wa viroboto, ambavyo hula kuvu na mabaki ya majani.

Sasa tuutazame mti. Aina ya msonobari iliyopandwa sana katika Shamba la Miti la Sao Hill, huko Mufindi, asili yake ni Meksiko. Wala hakuna msonobari wa asili katika Afrika kusini ya ikweta. Majani yake ni kama sindano: magumu, yana nta na utomvu, na madini ya chokaa ndani yake ni machache. Yaangukapo hayaozi upesi, bali hulala tabaka juu ya tabaka kama godoro. Kidogo kidogo udongo wa juu huzidi uchachu. Hapo nyungunyungu, ambaye hapendi uchachu, hupungua au hutoweka, na jongoo hupungua pia. Utitiri na vile vidudu virukavyo hubaki, hata huweza kuongezeka, na kazi kubwa ya kuozesha huachiwa kuvu. Basi tusiseme ya kuwa udongo umekufa. Wenyeji wake wamebadilika, na kazi yao imebadilika. Majani hayachanganywi tena na udongo kwa kina, na chakula cha mimea hufungwa juu katika lile godoro. Tena wakati wa kiangazi godoro hilo hushika moto upesi.

Je, miti yote ni sawa? Sivyo. Huko Polandi, mwaka 1970 na 1971, wataalamu walipanda aina 14 za miti, ya sindano na ya majani mapana, katika kiwanja kimoja. Baada ya miaka 30 hivi waliona ya kuwa nyungunyungu walikuwa wengi zaidi chini ya miti ambayo majani yake yana chokaa nyingi, na uchachu wa udongo huko ulikuwa mdogo. Maana yake, nyungunyungu hujali chakula apewacho na mti, wala hajali jina la mti.

Kwa hiyo twawashauri wapandao miti hivi:

1. Usipande mipaini shamba lako lote. Ardhi nzuri ya mahindi na maharage iache kwa chakula.

2. Usifyeke msitu wa asili ulio kando ya mito na chemchemi. Hapo ndipo viumbe wa udongo wana ghala yao, na wanaweza kurudi shambani kutoka huko.

3. Acha vipande vya miti ya majani mapana ya kienyeji kati ya mipaini, ili majani laini yachanganyike na sindano.

4. Baada ya kuvuna, usiteketeze masazo yote. Majivu hupunguza uchachu kwa muda, lakini moto huunguza viumbe na chakula chao pamoja.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama. Wakati wa mvua, chimbeni shimo la futi moja kila upande chini ya mipaini, na jingine kama hilo katika msitu wa kienyeji ulio karibu. Mwageni udongo juu ya gunia, mhesabu nyungunyungu na jongoo, na kuandika hesabu ubaoni. Rudieni mara kadhaa, kwani shimo moja laweza kudanganya.

Mbao huuzwa mara moja, na udongo hurithiwa na wajukuu. Apandaye mti na aulize kwanza: majani yake yatamlisha nani?