Usiri si Usalama: Istilahi za Mawasiliano Pasiwaya baina ya Magari

Utangulizi

Katika barabara itokayo Rodi Kopany kupitia Ndhiwa hadi Sori, dereva amulikiwapo taa mara mbili tatu na mwenzake huelewa kwamba mbele pana jambo: ajali, ng'ombe barabarani au askari. Ishara hiyo huonwa na kila mtu. Udhaifu wake haumo katika uwazi huo, bali katika kukosa uthibitisho: mpokeaji hajui aliyeituma ni nani wala kama asema kweli. Makala hii inadai kwamba hilo ndilo pia tatizo kuu la magari yanayowasiliana kwa mawimbi ya redio, na kwamba kulijumuisha chini ya istilahi "usiri" ni kumpotosha msomaji.

Uchambuzi

Gari lenye chombo hicho hutangaza mahali lilipo, mwendo na mwelekeo wake takriban mara 10 kwa sekunde. Marekani na Ulaya zimetenga masafa ya gigahezi 5.9, Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa Kenya, hutumia megahezi 760. Taarifa hizo hazifichwi, kwani kila gari jirani sharti lizisome papo hapo. Zinachohitaji ni sifa tatu.

Ya kwanza ni uhalisi: saini ya kidijitali na cheti huonyesha kwamba mtumaji anatambulika. Ya pili ni ukamilifu: ujumbe ukibadilishwa njiani, saini haikubaliki nao hutupwa. Ya tatu ni faragha. Hii hukinzana na ya kwanza, kwa kuwa cheti kimoja cha kudumu kingefichua safari zote za dereva. Ndiyo maana magari hupewa vyeti vya muda vyenye majina bandia, vinavyobadilishwa mara kwa mara.

Hata hivyo, saini huthibitisha msemaji, si ukweli wa usemi. Mwaka 2015, watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliliendesha Jeep Cherokee kutoka mbali kupitia mtandao wa simu, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Gari lililotekwa namna hiyo, kama lina cheti halali, laweza kutia saini uongo.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "usalama" liwe neno jumuishi, na "usiri" libaki kwa ujumbe uliofichwa tu. Mfasiri asiyetofautisha dhana hizi atamfunza dereva kuogopa asikizaye, ilhali wa kuogopwa ni asemaye.