Bima ya Gari kwa Aliyewahi Kupatikana na Hatia

Dereva amemaliza kifungo au amelipa faini yake, na sasa anataka kurudi barabarani kutafuta riziki. Amepata pikipiki au gari dogo la teksi. Anapofika kwa wakala wa bima, anakutana na swali kwenye fomu: je, amewahi kupatikana na hatia mahakamani? Wengi hapo husita, na wengine huandika "hapana" ili mambo yaishe. Jibu hilo la uongo ndilo linaloweza kumgharimu zaidi ya faini ya kwanza.

Sheria inasemaje
Nchini Kenya, Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Mtu wa Tatu, Sura ya 405, inamkataza mtu kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Bima hii hulipa fidia kwa anayeumizwa au kuuawa na gari, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Haitengenezi gari la mwenyewe.

Kwa nini ukweli ni muhimu
Mkataba wa bima hujengwa juu ya uaminifu. Anayeomba bima hutakiwa kueleza mambo yanayoweza kubadilisha uamuzi wa kampuni au kiwango cha malipo. Sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni kwenda mahakamani, ndani ya muda uliowekwa, na kuomba iondolewe jukumu la kulipa ikiwa bima ilipatikana kwa kuficha jambo muhimu. Ikifaulu, aliyegongwa huenda asilipwe na kampuni, na deni humrudia mwenye gari. Shamba au mifugo ya familia inaweza kuuzwa kulilipa.

Kuandikisha gari kwa jina la mke, mume au ndugu huku dereva halisi akifichwa ni kosa lile lile. Jina la anayeendesha kila siku liandikwe kwenye fomu.

Namna ya kupunguza gharama
1. Asome swali vizuri. Fomu nyingine huuliza makosa ya barabarani pekee, nyingine huuliza makosa yote. Ajibu kilichoulizwa, kwa ukweli.
2. Abebe nakala ya hukumu na risiti ya faini. Tarehe na aina ya kosa huonekana wazi, na kampuni haibaki kukisia. Kuendesha gari mtu akiwa mlevi hupimwa tofauti na ugomvi wa kijijini.
3. Aulize bei kwa kampuni kadhaa, au amtumie dalali wa bima anayefanya kazi na kampuni nyingi. Moja ikikataa, nyingine inaweza kukubali. Lakini fomu nyingi huuliza pia kama mwombaji amewahi kukataliwa, na hilo nalo lijibiwe kweli.
4. Achague bima inayolingana na gari. Kwa gari kuukuu, bima ya mtu wa tatu huwa nafuu kuliko bima kamili. Kwa bima kamili, akikubali kujilipia sehemu kubwa zaidi ya hasara, malipo huweza kupungua.
5. Aendeshe kwa uangalifu. Kampuni nyingi hupunguza malipo kwa asiyedai fidia mwaka hadi mwaka.

Tahadhari
Bei ya chini kupita kiasi kutoka kwa mtu wa stendi huenda ikawa cheti bandia. Kabla ya kutoa pesa, ahakikishe kuwa kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Baada ya kulipa, alinganishe nambari ya gari, majina na tarehe kwenye cheti. Mwenye malalamiko ambayo kampuni imeshindwa kuyatatua anaweza kuyapeleka kwa Mamlaka hiyo.

Aliyetumikia adhabu yake ana haki ya kufanya kazi. Bima iliyopatikana kwa ukweli, hata ikiwa ghali kidogo mwaka wa kwanza, ndiyo itakayosimama siku ya ajali.