Daftari la Mauzo na Makadirio ya Kodi kwa Aliyejiajiri

Kati ya Januari na mwisho wa Machi kila mwaka, mtu aliyejiajiri hutakiwa kufika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kufanyiwa makadirio ya kodi ya mapato. Fundi cherehani, mama lishe, muuza mitumba na mwenye genge la mboga wote huulizwa swali moja: kwa mwaka mzima, mauzo yako ni kiasi gani? Wengi hujibu kwa kukisia, na kukisia huko huwagharimu zaidi kuliko kodi yenyewe.

Ifahamike kwanza kwamba kodi hii si ya Halmashauri. Halmashauri hutoa leseni ya biashara na kukusanya ushuru wake. Kodi ya mapato hukusanywa na TRA. Mambo hayo mawili hukutana kwenye leseni, kwa kuwa mwombaji hutakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) na uthibitisho kwamba mambo yake ya kodi yako sawa. TIN hutolewa bure. Anayedai fedha ili amtafutie mtu namba hiyo anauza kisichouzwa.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2022, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi hii. Anayezidi milioni 4 lakini hazidi milioni 7, kama hana kumbukumbu, hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Aliye nazo hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100, kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, na mashine ya kutolea risiti za kielektroniki huwa ya lazima. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka, ni vyema kuuliza viwango upya ifikapo Julai.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayepata wastani wa shilingi 15,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa siku 312 za kazi, mauzo yake ni 4,680,000. Akiwa na daftari, atalipa asilimia 3 ya 680,000, yaani 20,400. Bila daftari atalipa 100,000. Hatari kubwa zaidi ni kumbukumbu ya kichwani, ambayo hupenda siku nzuri. Akiulizwa kwa siku anapata ngapi, fundi hukumbuka wiki ya kuelekea Idi au Krismasi na kusema 25,000. Hesabu hiyo hufika 7,800,000, na kodi yake ni 250,000. Mtu huyohuyo, cherehani ileile.

Daftari lenyewe halihitaji elimu ya uhasibu. Kwaya ya kawaida inatosha: tarehe, kazi iliyofanyika au bidhaa iliyouzwa, kiasi, na kama malipo yalikuwa taslimu au kwa simu. Kitambaa alicholeta mteja si mauzo ya fundi. Mauzo ni ujira wa kushona. Fedha za ada ya mtoto zilizopita kwenye simu ya biashara nazo si mauzo, lakini asiyeandika atashindwa kuzitenganisha baada ya miezi kumi. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, hivyo madaftari ya zamani yasifungiwe maandazi.

Utaratibu huu hauwahusu wote. Wanaotoa huduma za kitaalamu, za ujenzi na za mafunzo huandaa hesabu na kutozwa kodi kwa faida. Hao, wakilipwa na kampuni au taasisi, hukatwa asilimia 5 ya malipo ya huduma. Wadai cheti cha kodi iliyozuiliwa siku hiyohiyo, maana bila cheti ni vigumu kuonyesha kwamba kodi hiyo imekwisha lipwa.

Asiyeridhika na makadirio anaweza kuwasilisha pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30, akilipa kwanza kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kulalamika barazani hakuhesabiwi kuwa pingamizi.

Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu nne: kufikia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Malipo hufanyika benki au kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo, si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi. Stakabadhi ya kila awamu ibandikwe ndani ya daftari lilelile la mauzo.