Namna ya kusoma karatasi ya damu ya mgonjwa wa figo



Wako jamaa zetu ambao figo zao zimekufa kabisa, nao wanaishi kwa mashine ya kusafisha damu, yaani dialize. Kazi hiyo hufanywa kwa kawaida mara 3 kwa juma, karibu saa 4 kila mara. Mashine hiyo hatunayo hapa Opala, kwa hiyo mgonjwa hukaa mjini karibu nayo. Nyumbani mnapokea karatasi ya laboratwari yenye hesabu nyingi, na kila mtu anaogopa. Leo tutaisoma pamoja.

Tuanze na urea. Hiyo ni takataka inayobaki mwilini baada ya kula nyama, samaki na maharage. Hupimwa mara mbili: kabla ya mashine na baada yake. Usitazame hesabu moja peke yake. Tuseme kabla ilikuwa 180, na baada ni 60. Imeshuka 120, yaani karibu 67 kwa 100. Ni vizuri, maana waganga wanataka ishuke angalau 65 kwa 100. Lakini ikitoka 180 ikabaki 90, imeshuka nusu tu: damu haikusafika vya kutosha. Pengine mgonjwa alichoka, akaomba kufunguliwa kabla ya saa zake. Wako wanaofanya hivyo ili wawahi usafiri wa kurudi nyumbani. Saa hiyo moja aliyoiba ameiba kwake mwenyewe.

Kreatinini hutoka katika misuli. Mtu mwenye misuli mikubwa huwa nayo nyingi kuliko mwembamba. Mgonjwa wa dialize akiona inashuka mwezi kwa mwezi, asifurahi upesi kuwa figo zinapona. Ikiwa anakonda na hali vizuri, ni misuli inayokwisha. Amwambie munganga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hesabu hii ndiyo inayoua kwa haraka: potasiamu. Katika karatasi imeandikwa kwa herufi K. Kwa mtu mzima wa afya ni kati ya 3,5 na 5. Ikipita 6, moyo unaweza kusimama, na mara nyingi mgonjwa hasikii kitu mbele ya hapo. Wengine husikia miguu kulegea au moyo kupiga vibaya. Usingoje kesho: mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.

Figo nzima hutoa potasiamu kwa mkojo. Figo iliyokufa huiacha ndani mpaka siku ya mashine. Kwa hiyo hatari ni kubwa mgonjwa anapokuja nyumbani, tuseme kwa matanga, akakosa zamu yake, na kila shangazi anamtilia sahani. Ndizi mbivu, makemba, sombe, maharage na parachichi vina potasiamu nyingi. Mama, menya makemba au mihogo, kata vipande vidogo, chemsha katika maji mengi, kisha mwaga maji hayo. Usiyafanye mchuzi. Makemba ya kuchoma hubaki na potasiamu yake yote.

Na munyu wa majivu, ule ambao wazee wa msitu wetu hutengeneza kwa kuchoma majani ya mtoni? Mgonjwa wa figo asiuguse. Si kama munyu wa dukani: sehemu yake kubwa ni potasiamu. Najua wazee watasema ni dawa ya asili. Kwa mwenye figo nzima, haya. Kwa huyu ni sumu.

Jambo lingine halisemwi sana. Damu ikivutwa hapa, ikabebwa katika chupa kwa pikipiki hadi Kisangani, chembe zake hupasuka njiani na kumwaga potasiamu. Karatasi itasema 7 kumbe mwilini ni 5. Kuitia chupa hiyo katika barafu hakusaidii, hata huongeza uwongo. Maji ya damu yatengwe kwanza kwa mashine ya kuzungusha, au damu ivutwe pale pale penye laboratwari. Lakini usijiambie mwenyewe kwamba hesabu ni ya uwongo. Rudisha mgonjwa, damu ivutwe upya upesi, moyo upimwe.

Hemoglobini huonyesha wingi wa damu. Figo ndizo zinazotuma amri ya kutengeneza damu, na zikifa amri hukatika. Kwa sababu hiyo mgonjwa huchoka na kupauka hata akila vizuri. Kwa watu wa dialize waganga hutafuta 10 mpaka 11,5. Kuna sindano ya kuleta amri hiyo, na chuma pia huhitajika. Majani mekundu na dawa za sokoni hazishiki nafasi yake.

Mkifika dispensere, leteni karatasi ya zamani pamoja na mpya, na mtuambie siku ya mwisho ya mashine.