Resori Haijalala: Kubadilisha Resori za Gari Dogo Nyumbani, Uvira na Kando ya Ziwa

Anayepanda teksi kutoka Kalundu kwenda Kavimvira anaijua sauti hiyo. Gari linaingia shimoni, mbele kulia kunalia "ko!", abiria wanashikana mabega, na dereva anailaumu barabara. Mara nyingi barabara ina mwenzake: resori iliyovunjika mkunjo wa chini, au iliyochoka hadi gari linagonga chuma kwa chuma kila likishuka. Wenzetu wa Dar es Salaam huiita springi. Ni kitu kilekile, chuma kinene kilichosokotwa kinachobeba gari juu ya gurudumu.

Kijitabu hiki ni cha mwenye Vitz, IST, Carina au Corolla anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe uani kwake, na cha kijana anayejifunza ufundi chini ya mwembe. Tunataka uifanye. Tunataka pia umalize ukiwa na macho mawili na vidole kumi, kwa hiyo kabla ya spana soma kwanza sehemu inayofuata.

Nati moja isiyoguswa

Ukiinua gari kwa kriki na gurudumu likaning'inia, utaona resori imerefuka, ukadhani imepumzika. Haijapumzika. Katika mguu wa mbele wa magari mengi madogo, resori imebanwa kati ya sahani iliyochomelewa kwenye shokapu na kikalio cha juu, na kikalio hicho kinashikwa na nati moja ya katikati. Hata gari likiwa hewani, resori bado inaisukuma nati ile. Ukiifungua kabla ya kuibana resori, kikalio kinaruka kama risasi, na kilichoinamia hapo ndicho kinachopigwa: uso wako, au kichwa cha mtoto aliyekuja kuchungulia.

Ukifungua boneti utaziona nati tatu, au mbili kwa baadhi ya magari, zimeuzunguka mguu kwa juu. Hizo ndizo zinazoushika mguu kwenye bodi, nawe utazifungua. Ile ya katikati usiiguse mguu ukiwa kwenye gari. Usiilegeze hata kidogo.

Ili kuifungua kunahitajika kibanio cha resori: vyuma viwili virefu vyenye uzi wa bolti na ndoano imara kila mwisho. Tumeona watu wakifunga resori kwa waya wa ujenzi, kwa kamba ya mtumbwi, au kwa ndoano zilizochomelewa kutoka nondo. Resori iliyobanwa ina nguvu ya mamia ya kilo ndani yake. Nondo inanyooka, na kamba ya mtumbwi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna kibanio kizuri, ushauri wetu ni huu: toa mguu mzima nyumbani, ubebe ulivyo, upeleke garaji yenye kibanio, wakubadilishie resori tu, urudi uufunge mwenyewe. Sehemu kubwa ya kazi bado umeifanya kwa mikono yako, na ile ya hatari umeiacha kwa mwenye chombo chake.

Kwa nini zinakufa mapema huku kwetu

Barabara ya taifa namba 5, inayopita Kamanyola, Luvungi, Sange na Kiliba hadi Uvira, kisha Makobola na Baraka, inabeba watu, samaki, mihogo na saruji. Gari lililotengenezwa kwa watu watano linabeba wanane, na magunia nyuma. Chuma cha resori hukunjwa na kunyooka mara maelfu kwa siku. Kikizidishiwa mzigo, kinachoka na kufupika.

Halafu kuna mchanga. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, na wengi hudhani kwa hiyo hayali chuma. Tatizo letu ni matope yanayokaa kwenye sahani ya chini baada ya kuvuka mito inayoshuka kutoka milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu, ulitandaza mawe na tope katikati ya mji wa Uvira, na mvua kubwa bado huleta mengine. Mchanga huparuza rangi ya resori, unyevu unaingia, kutu inachimba kishimo kidogo, na hapo ndipo chuma kinapokatika. Mara nyingi ni mkunjo wa chini kabisa, usioonekana vizuri mpaka uinamie na tochi. Ncha iliyokatika ikigeukia nje, inaweza kupasua tairi ukiwa mwendoni.

Anza ukaguzi upande wa kulia. Magari yetu mengi yametoka Japani na usukani uko kulia, lakini Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Upande huo una uzito wa dereva kila siku, na ndio unaopita kwenye ukingo uliomeguka.

Kabla ya kununua

Egesha pahali tambarare, gari likiwa tupu. Pima kwa rula kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana wazi, au gari likionekana kuinama upande mmoja, umepata jibu. Nunua jozi. Resori mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili zitakupa gari linalovutwa pembeni likifunga breki.

Resori iliyokatwa kwa msumeno ili ikae, au iliyopashwa moto ili inyooke, usiikubali hata ukipewa bure. Moto unaondoa ugumu ambao kiwanda kiliutia kwenye chuma kile. Itakaa vizuri wiki moja, kisha italala. Vipande vya mpira vinavyopachikwa kati ya mikunjo navyo hatuvipendekezi: vinaizuia mikunjo michache kufanya kazi na kuitwisha iliyobaki mzigo wote. Tunajua bei ya resori mpya ni nzito kwa familia nyingi. Kama lazima ununue iliyotumika, chagua isiyo na kutu iliyochimba, iliyotoka kwenye gari la aina ileile, na pima urefu wa zote mbili zikiwa zimesimama sambamba.

Kazi yenyewe

Kriki ni ya kuinulia, haikutengenezwa kushikilia gari unapofanya kazi. Weka vigoda vya chuma chini ya bodi mahali palipoimarishwa. Usitumie tofali wala bloku ya saruji, kwa sababu hupasuka ghafla bila kuonya. Uani kwenye mchanga, tandika ubao mnene na mpana chini ya kriki na chini ya kila kigoda. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mti.

Toa gurudumu. Ondoa mpira wa breki na waya wowote unaoshikwa kwenye mguu. Usiache breki ining'inie kwa mpira wake, ifunge kwa waya kwenye bodi. Chora alama kwenye bolti mbili kubwa zinazoushika mguu kwa chini ili zirudi palepale zilipokuwa. Zifungue, mwenzako akiushika mguu, kisha fungua nati za juu.

Kwa mwenye kibanio: ndoano zikae pande mbili zinazotazamana, zikishika mikunjo mingi iwezekanavyo. Kaza kwa spana ya mkono, mizunguko michache upande huu, mizunguko michache ule, hadi kikalio kichezecheze kwa mkono. Hapo tu ndipo nati ya katikati inafunguliwa, na wewe ukae pembeni, kamwe usielekeze ncha ya mguu kwa mtu. Resori mpya ikiingia, ncha yake ya chini lazima ilale ndani ya hatua iliyochongwa kwenye sahani. Ikipanda nje ya hatua, itaruka baadaye barabarani. Kagua pia mpira wa juu na beringi yake. Ukishafika hapo, ni hasara kuvirudisha vikiwa vimechakaa.

Nyuma, kwa magari kama Vitz, resori imesimama peke yake mbali na shokapu. Ukiteremsha ekseli polepole kwa kriki baada ya kufungua bolti za chini za shokapu, resori hulegea na kutoka kwa mkono. Mwanagenzi aanzie hapa.

Baada ya kushusha gari

Sukuma kona kila moja kwa mikono, usikilize. Endesha taratibu mtaani, kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50, halafu peleka gari likapimwe paralelismu, kwa sababu magurudumu ya mbele hayarudi sawasawa kwa jicho, hata kwa jicho la fundi mzee. Gari likivutwa pembeni au likigonga kwa sauti mpya, lirudishe nyumbani bila abiria.

Siku ya kazi watoto wakae mbali na ua. Ndugu dereva, ndugu fundi, tafadhali, jambo hilo lifanye la kwanza.