Dubu Afe au Asife?

Mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering ulitungwa na Mmarekani Richard Garfield, ukatolewa mwaka wa 1993. Sisi huucheza saa ya chakula cha mchana, na ubishi hauishi. Mkubwa ni huu wa dubu.

Ninaye Grizzly Bears, nguvu 2, uhai 2. Mwenzangu anamrushia Lightning Bolt, radi ya majeraha 3. Kabla haijampiga, ninajibu kwa Giant Growth, kadi inayomwongezea dubu nguvu 3 na uhai 3 hadi zamu iishe. Ati afe kwa sababu radi ilitangulia? La hasha! Tangu 1999 kanuni ni ya rundo: kadi hupandiana kama madaftari mezani pa mwalimu, na la juu ndilo huchukuliwa kwanza. Dubu anapata uhai 5, radi inamjeruhi 3, anapona.

Sasa geuza, hapa ndipo wengi huteleza. Nikitoa Giant Growth kwanza, naye akajibu kwa radi, basi radi iko juu. Dubu anakufa angali na uhai 2, na Giant Growth yangu imeenda bure! Ndiyo maana mimi hunyamaza tu, nikingoja radi itoke.

Kuna swali lingine watu hupenda kunitega nalo: zamu ikiisha, uhai ukirudi 2 na jeraha ni 3, si dubu atakufa? Hafi. Jeraha na nyongeza huondoka pamoja, wakati ule ule.